Hakuulizwa, Hakujibu

Si kipofu, si kiziwi,
kriketi siielewi,
siku tano, na hayawi:
kisa hiki chapendeza.

Lanka, pwani ya kusini,
kiwanja ki mchangani,
mbuzi wamo ukingoni,
jua linawaunguza.

Mwamuzi Sumanapala,
karani wa Walasgala,
hana pupa, hana hila,
nukta hajaipuuza.

Kitabu chake mwamuzi
kina doa la mchuzi,
kimetafunwa na mbuzi
pembeni, si kukimeza.

Humo mna neno moja:
mpigaji yumo, ngoja,
hata kwa mia za hoja,
kama hawajauliza.

Neno lenyewe ni “Vipi?”
Liwe refu, liwe fupi,
pasipo hilo, hakupi
kidole cha kufukuza.

Mapumziko ya chai:
si mkate, si mayai,
dodoli! Nani hadai
halua nyeusi giza?

Nazi na sukari guru,
ulimi hauko huru,
kwa macho tu hushukuru
kinywa kikishajijaza.

Mke wa huyu mwamuzi,
Somawathi, ni mjuzi,
amepika tangu juzi,
mume hajampongeza.

Wote kumi na mmoja
wakala pasi kungoja,
uwanjani kwa pamoja
warudi bila kumeza.

Gunadasa, fundi saa,
gongo lake likapaa,
mpira wasema “kaa!”
Hata mbuzi kasikiza.

Mdaka nyuma kadaka,
mikono juu, waruka,
vinywa havikufunguka,
“mmm” tu ndiyo waliweza.

Mrushaji, Nandasena,
ataka neno, hakuna,
macho kayatoa sana,
jino moja kapoteza.

Mwamuzi kama mnara
asimama barabara,
mfukoni, mara mara,
vijiwe kavigeuza.

Gunadasa katulia,
mawingu aangalia,
mluzi ajipigia:
ni nani kamfukuza?

Watazamaji mayowe:
“Vipi? Vipi? Atolewe!”
Mwamuzi, moyo wa jiwe,
wa kando hakusikiza.

Aulize mchezaji,
si bibi, si muuzaji,
si diwani wa kijiji;
sheria haikuoza.

Bado wanayo nafasi:
wasirushe kwa upesi,
watafune kwa kiasi
hadi kinywa kulegeza.

Dakika nne zapita,
taya zikipiga vita,
jasho, mate, na kujuta,
nao mbuzi waigiza.

Nandasena, kwa hasira,
kakimbia na mpira.
Hatua moja, hasara:
haki yake kaimeza.

Papo dodoli yang’oka.
“Vipi?” kwa nguvu kafoka.
“Salama!” jibu latoka,
mwamuzi kamtuliza.

Gunadasa akafunga
mia moja, akaringa,
sita ndani ya mpunga,
timu nzima kailaza.

Jioni, nyumbani sasa,
sinia akipangusa,
jambo lamgusagusa,
Somawathi akawaza:

“Miaka arubaini
nampikia mezani,
hasemi ‘tamu’, kwa nini?
Kumbe sijamuuliza!”

Kaweka sinia chini,
mikono yote hewani,
akapaza toka ndani:
“Vipi?” Paka kateleza.

Sumanapala kashtuka,
miwani ikaanguka,
midomo ikafunguka,
neno la kujieleza:

“Dodoli yako ni tamu
tangu siku ya karamu,
wewe ndiwe yangu hamu,
ila hukuniuliza.”

Kisha, mazoea yake,
akakipandisha chake,
mbele ya macho ya mke,
kidole cha kufukuza.

Naye hakwenda, kaketi,
kamlisha donge, eti
hiyo ni yake risiti;
kinywa gundi, kanyamaza.